Sampuli Moja, Majibu Mawili

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni fundi sanifu wa maabara katika kiwanda cha kuchakata samaki jijini Mwanza. Tunapopima COD ya majitaka, yaani kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza uchafu wake kwa kemikali, sampuli moja iliyogawanywa katika vichupa viwili hutupa majibu tofauti. Je, kifaa chetu cha kupashia joto kimeharibika?

JIBU: Huenda, lakini anza na mkono kabla ya kulaumu mashine. Majitaka ya samaki yana mafuta na chembe za nyama zinazotuama upesi, na usipoyasaga na kuyakoroga, mililita 2 za kwanza hazitafanana na za pili.

Kisha kagua matundu ya kifaa yanayoshika vichupa. Namba inayosomeka usoni pake ni ya pale kihisi kilipo tu. Kwa hiyo jaza mafuta yanayohimili joto katika kichupa kitupu, tumbukiza kipimajoto, ukihamishe tundu kwa tundu. Dikromati, kemikali inayounguza uchafu huo, huhitaji nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa 2, na tundu lililopoa huacha sehemu ya uchafu bila kuungua, hivyo jibu hushuka. Hakikisha kifaa kimefikia joto hilo kabla ya kuingiza vichupa.

Nyuzi zikiwa sawa kila tundu, pima myeyusho wa gramu 0.425 za potasiamu haidrojeni ftaleti, kemikali ya kulinganishia ambayo COD yake inajulikana, katika lita 1, ambao unapaswa kukupa COD ya takriban miligramu 500 kwa lita.

Mabaki ya kipimo hiki yana kromiamu, na mara nyingi zebaki: yasimwagwe kwenye sinki hata kidogo.