Maswali yenu: Michango, misaada na pesa zinakokwenda

Niliomba maswali kuhusu michango na mashirika ya misaada. Mengi yaliyofika yana hasira, wala sikushangaa.

Shirika likitumia pesa kwa mishahara na magari, si zimeliwa hizo? Mimi siku hizi nampa maskini mkononi. (Msomaji, Likoni)

Kumpa mkononi ni jambo jema, endelea. Ila mshahara wenyewe si wizi. Tazama zaka: aya ya 60 ya Surat at-Tawba inataja makundi manane yanayostahiki, na mojawapo ni wanaoikusanya na kuigawa. Anayezunguka kukusanya naye ana watoto nyumbani. Muuguzi wa kliniki ya msaada huko Turkana akilipwa, malipo hayo ndiyo msaada wenyewe, maana bila yeye dawa zitakaa kwenye maboksi. Hilo gari nalo, uliza linashinda wapi siku za kazi: kijijini au nje ya hoteli? Ukiona semina tatu za hotelini kwa kisima kimoja, una haki ya kukasirika. Omba hesabu zilizokaguliwa. Wakikuzungusha, peleka shilingi yako kwingine.

Kila mara natiwa kwenye kundi la WhatsApp la bili ya hospitali. Nitajuaje ni kweli? (Msomaji, Kisauni)

Anza na jina. Ukituma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Ukiona jina geni, simama, piga simu, uulize ni nani huyo kwa mgonjwa. Kama hospitali ina Paybill yake, yaani nambari yake ya kulipiwa kwa M-Pesa, omba nambari ya mgonjwa ulipe huko moja kwa moja. Mwenye shida ya kweli atashukuru, kwa sababu deni linapungua papo hapo. Tapeli hukosi kumsikia akisema mtandao wa hospitali una matatizo leo, tuma tu kwa hii namba ya shemeji.

Halafu itazame orodha. Ile tunayoijua sote: majina yamepangwa kwa nambari, tiki ya kijani mbele ya aliyetuma, jumla chini kabisa. Mweka hazina mzuri huibandika kila jioni, na bili ikilipwa huleta picha ya risiti bila kuombwa. Swali ambalo watu huliogopa ni hili: zikibaki? Bili ikipunguzwa, au mgonjwa akitangulia mbele ya haki, ugomvi huanzia hapo. Liulizwe siku ya kwanza, kundi likiwa bado na watu kumi. Wapo watakaosema huna adabu kudai hesabu mtu akiwa kitandani. Mimi naona asiye na adabu ni anayekusanya pesa za watu kisha akanuna akiulizwa.

Eti Wakenya ni wa pili duniani kwa kutoa? (Msomaji, Voi)

Ndivyo ilivyosema ripoti ya World Giving Index ya 2024, iliyotolewa na Charities Aid Foundation ya Uingereza; Indonesia ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Lakini usivimbe kichwa. Watu waliulizwa kama katika mwezi uliopita walimsaidia wasiyemjua, walitoa pesa, au walijitolea muda wao. Kiasi hakikuulizwa. Hata hivyo naiamini: mwaka 2011, wakati wa ukame, kampeni ya Kenyans for Kenya ilitaka shilingi milioni 500, zikapita, na kati ya waliotoa walikuwamo watu haohao wanaoyalaani mashirika kila siku.

Watoto wa dada yangu walipigwa picha wakipokea unga, zikawekwa Facebook. Tukilalamika si tutaonekana hatuna shukrani? (Msomaji, Malindi)

Lalamikeni. Waislamu na Wakristo sote tumefundishwa mkono wa kushoto usijue utoacho wa kulia, sembuse Facebook nzima. Na sheria iko upande wenu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Dada yako aliandikie shirika, hata kwa WhatsApp, ataje ni picha gani na ilibandikwa lini, aombe iondolewe. Wakikaa kimya, apeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, pamoja na nakala ya picha hiyo kabla hawajaifuta.