Mwaka wa kujitolea ugenini: majibu kwa mlioniuliza

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu jambo moja: kuaga nyumbani na kwenda mbali kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mzima. Mimi niliondoka hivyo nikiwa na miaka 24, na tangu nirudi nimekaa na vijana wengi wanaojiandaa kuondoka. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, kwa hiyo usipoliona lako neno kwa neno, litafute ndani ya la mwenzako.

Shikamoo mama. Nimebakiza wiki tatu niondoke. Begi limeshajaa na vitu bado viko kitandani. Nibebe nini, niache nini?

Marahaba mwanangu. Lifunge hilo begi, libebe mwenyewe, panda nalo ngazi mara mbili bila kupumzika. Ukishindwa, lifungue utoe vitu mpaka uweze. Nguo na sabuni zinapatikana kokote wanakoishi watu. Usivyoweza kuvipata kwa urahisi ni dawa zako za kila siku pamoja na karatasi ya daktari, miwani ya akiba kama unavaa, na vyeti vyako. Piga picha kila cheti, na nakala moja mwachie mtu unayemwamini nyumbani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya begi ni wiki zako tatu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa ratiba ya kawaida, ni dozi 3 zinazochukua miezi 6. Cheti cha homa ya manjano huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa wiki ya mwisho unaweza kuzuiwa mpakani. (Kwa waliochanjwa zamani: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakuna tena habari ya kurudia kila miaka 10.) Na kama unakwenda penye malaria, zipo dawa za kinga ambazo huanzwa wiki kadhaa kabla ya safari. Kesho asubuhi nenda kliniki, hata kama begi halijafungwa. Angalia pia viza: nchi nyingi haziruhusu kujitolea kwa viza ya utalii, hata kama hulipwi chochote.

Niko wiki ya sita huku. Niliambiwa nitahitajika sana. Ofisi niliyopangiwa hainipi kazi, nakaa tu kwenye kiti natazama wenzangu wakihangaika. Usiku nalia. Je, nilikosea kuja?

Hukukosea, mwanangu. Na hilo la kulia usilionee haya.

Mwanaanthropolojia mmoja, Kalervo Oberg, alichapisha mwaka 1960 makala kuhusu hali hii, akaiita mshtuko wa utamaduni. Alieleza kwamba mtu akihama hupoteza zile ishara ndogo ndogo alizozitegemea kila siku bila kujua: lini upeane mkono, useme nini ukikutana na mtu, maneno yapi uyachukulie kwa uzito na yapi uyaache yapite. Nyumbani hukuwahi kuyafikiria hayo. Huko unayafikiria kutwa nzima, na ndiyo maana jioni umechoka kama uliyebeba mizigo ilhali ulikuwa umekaa. Oberg alisema pia kwamba mwanzo huwa wa furaha, kisha huja kipindi kigumu, halafu mtu huanza kupata nafuu na kuzoea. Wiki ya sita ni wakati ambao furaha ya kufika imekwisha na mazoea hayajaingia.

Nikuambie yangu. Saa yangu ya mkononi niliiacha kwenye majira ya nyumbani. Nilijiambia ni ili nijue wakati wa kumpigia mama simu. Mtu akiniuliza saa ngapi, naangalia mkono, natoa masaa, ndipo namjibu. Siku moja mzee aliyekuwa akilinda geti pale kazini aliniuliza, akasubiri nikihesabu midomoni, akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe uko wapi?" Hakuwa na nia ya kunisuta, alitaka kujua kweli. Nilikuwa na miezi minne pale. Jioni hiyo nikaibadilisha.

Kuhusu kazi: tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililidai siku ya kwanza. Nilikuwa nimeandika mpango wa kurasa 20 hata kabla sijapanda ndege, na wiki ya pili nikamkabidhi kiongozi wa mradi. Aliusoma wote mbele yangu, kimya, kwa heshima. Kisha akavuta mtoto wa meza akautumbukiza humo. Miezi baadaye, tulipokuwa tumezoeana, alilivuta tena lile droo akanionyesha: chini ya mpango wangu kulikuwa na mingine miwili, ya waliojitolea kabla yangu. Yote mitatu ilipendekeza karibu mambo yaleyale. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza kwanza kwa nini mambo hayo hayakuwa yamefanyika.

Kwa hiyo sikushangai kuwa hujapewa kazi wiki ya sita. Hawa watu walikuwapo kabla yako na watabaki ukiondoka, wanakutazama kwanza. Hata Peace Corps ya Marekani, inayopeleka watu kwa miezi 27, hutumia takriban miezi mitatu ya mwanzo kwa mafunzo ndani ya nchi yenyewe, ndipo miaka miwili ya kazi inapoanza. Wewe wa mwaka mmoja usijinyime muda huo.

Mchague mtu mmoja pale ofisini ambaye kazi zake zimemzidi. Usimuulize, "Nikusaidie nini?" maana kukutafutia la kufanya nako ni kazi. Mwambie, "Naomba nikufuate wiki hii." Mfuate kweli: beba faili, panga viti, hesabu makaratasi. Nunua daftari dogo uandike jina la kila mtu unayekutana naye na jambo moja alilokuambia, kisha likumbuke mkikutana tena. Mimi nilipofikisha majina kama 30, ndipo nilianza kutumwa. Mwezi wa tatu ukiisha na bado hali ni hiyohiyo, mwandikie mratibu wa shirika lililokupeleka, umweleze bila kumlaumu mtu. Wakati mwingine ombi la mtu wa kujitolea lilitumwa na kiongozi ambaye ameshaondoka, na waliobaki hawajui ulikuja kufanya nini.

Binti yangu wa mwisho amemaliza chuo. Badala ya kutafuta kazi anasema anakwenda kujitolea mwaka mzima nchi ya mbali, bila mshahara. Nimemsomesha kwa jasho. Nimkataze?

Mzazi mwenzangu, nakuelewa, na sitakuambia kwamba jasho lako si hoja. Ila kwanza muulize anakwenda chini ya utaratibu gani, kwa sababu kukosa mshahara hakumaanishi kukosa kila kitu. Mpango wa wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, ambao Baraza Kuu liliuanzisha mwaka 1970, huwapa watu wake fedha za kujikimu na bima ya afya. Mpango wa mshikamano wa Umoja wa Ulaya kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 hugharamia safari, malazi na chakula, na kuongeza fedha kidogo za matumizi. Akikuonyesha maandishi ya namna hiyo, nusu ya hofu yako itaondoka.

Nusu iliyobaki ni ile ya moyoni: kwa nini akawatumikie wa mbali? Mwaka 1920, vita kuu vya kwanza vikiwa vimemalizika juzi tu, Mswisi aitwaye Pierre Cérésole aliongoza kikundi kidogo kwenda kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, kilichokuwa kimesagwa na mizinga. Ndani ya kikundi walikuwamo Wajerumani, watu wa taifa lililokuwa adui. Wakajenga nyumba za mbao na kufukia mashimo ya mabomu. Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya shirika la Service Civil International, ambalo lipo mpaka leo. Wafaransa walikuwa na mikono ya kufukia mashimo yao, na Cérésole alilijua hilo. Alitaka watu waliofundishwa kuogopana washike sepetu pamoja. Huenda binti yako naye anatafuta kitu ambacho tangazo la kazi halikitaji.

Usimkatazie. Mwombe mambo matatu: mkataba uusome, jina na namba ya mtu wa kumpigia kukiwa na dharura, na tarehe ya kurudi. Kisha siku ya kuondoka msindikize. Wengi wa vijana ninaokaa nao huniambia kwamba kilichowaelemea zaidi ugenini ni kukumbuka kuwa waliondoka nyumbani bila baraka.

Nimepata shirika mtandaoni, wanataka nilipe kabla hawajanipangia kazi. Ni sawa?

Inategemea. Yapo mashirika halali yanayotoza, kwa sababu hayana mfadhili wa kulipia malazi na mafunzo yako. Wakupe mchanganuo: kiasi gani kinakwenda wapi, na kipi kinarudishwa ukighairi. Wakisitasita, ondoka. Mtu akikudai ada kwa jina la mpango ule wa Umoja wa Mataifa, huyo ni tapeli, maana mpango huo hautozi ada katika hatua yoyote ya kuomba. Omba pia uzungumze na watu wawili waliomaliza mwaka wao hapo, na uwachague wewe kutoka orodha, wasikuchagulie wao.

Na kuna jambo moja nakuomba sana. Kama kazi yenyewe ni kulea watoto katika kituo cha yatima, na hawajakuomba cheti cha polisi wala hawakuulizi ujuzi wako, kataa. Baadhi ya vituo vya namna hiyo vimegundulika kuwatenga watoto na wazazi wao walio hai ili vivutie wageni wenye fedha. Mwaka 2018 Australia iliipitisha sheria dhidi ya utumwa wa kisasa baada ya bunge lake kulijadili suala hili waziwazi. Mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila baada ya miezi michache anaumia, hata kama kila mlezi alikuja na upendo wa kweli.

Mchumba wangu anasema mwaka mmoja ni mrefu mno. Nampenda, na safari naitaka. Nifanyeje?

Mpangie siku za kuzungumza kabla hujaondoka, siku mbili au tatu kwa wiki, na mzishike. Kuzungumza kila saa kutakufanya uishi ndani ya simu, na kutokuzungumza kutawaua nyote wawili kwa mawazo. Mweleze mambo madogo: kitanda kinavyolia, jina la jirani, mvua iliyokukamata njiani. Ukimhifadhia habari kubwa tu, baada ya miezi sita hatajua unaishi vipi. Kama anaweza kuja kukuona katikati ya mwaka, hata kwa siku chache, aje.

Kama amekuambia uchague kati yake na safari, hilo ni swali jingine, na kulijibu mnaweza ninyi wawili tu.

Lugha ya huko siijui kabisa. Nisubiri nijifunze kwanza?

Nenda. Jifunze kusalimu, kushukuru, kuomba radhi, kuhesabu mpaka mia, na kusema "sijaelewa, rudia taratibu." Hayo wiki mbili zinatosha. Mengine utafundishwa na watoto, ambao husahihisha bila kuchoka.

Nikiona siwezi, naruhusiwa kurudi kabla ya mwaka kwisha?

Unaruhusiwa. Ulijitolea, hukufungwa. Lakini tofautisha vitu viwili. Upweke, kuchoka na kukata tamaa havitaki uamuzi wa usiku. Jipe wiki mbili, ongea na mratibu, ulale, ule vizuri, kisha uamue mchana.

Hatari haina wiki mbili. Mtu akikushika bila ridhaa yako, akikutisha, akikunyang'anya pasipoti au akikulazimisha kulala mahali usipojisikia salama, ondoka hapo siku hiyohiyo, toa taarifa kwa shirika na kwa ubalozi wa nchi yako, na maelezo yafuate baadaye. Nimekaa na dada mmoja aliyevumilia miezi mitano kwa sababu nyumbani walishamfanyia sherehe ya kumuaga na aliona aibu kurudi. Ningependa kila anayesoma hapa aende safari akijua kwamba mlango wa nyumbani hauna masharti. Wazazi, mwambieni mtoto hivyo kwa maneno, kabla hajaondoka. Msidhani anajua.

Naondoka keshokutwa. Usiku wa kwanza nifanye nini?

Kagua kufuli la mlango na uulize njia ya kutokea kukiwa na moto. Tuma ujumbe nyumbani, mfupi: nimefika, nina kitanda, nitapiga kesho. Kunywa maji. Utasikia sauti usizozijua, pengine bomba, pengine mbwa wa jirani, pengine watu wakicheka kwa lugha usiyoielewa. Usizitafutie maana usiku huo.

Tandika shuka ulilotoka nalo nyumbani, hata kama wamekuwekea zuri zaidi. Litabaki na harufu ya kwenu kwa siku mbili tatu. Na saa yako, mwanangu, ibadilishe ukiwa bado ndani ya ndege.