Maumivu yanayobaki baada ya kutibiwa kisonono

Swali: Daktari, mimi ni mwanaume wa miaka 31, ninaishi Kadutu, Bukavu. Nilitokwa na usaha, nikachomwa sindano ya seftriaksoni kwenye kituo cha afya. Usaha ulikoma, lakini sasa ni wiki 2, ningali ninaumia nikikojoa, na kila asubuhi ninaona majimaji meupe. Farmasi wamenipa amoksisilini. Je, sindano haikufanya kazi?

Jibu: Ndugu msomaji, yaelekea sindano ilifanya kazi yake, ila haikumgusa bakteria wa pili aliyekuwa mlemle katika mrija wa mkojo. Gonokoki, anayeleta kisonono, huonyesha dalili kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 7 baada ya kujamiiana, tena kwa usaha mwingi wa manjano. Huyo wa pili, klamidia, hukawia wiki 1 hadi 3, hutoa majimaji machache, na kwa wanaume wengi haonyeshi dalili yoyote. Mtu huweza kuwapata wote wawili siku moja, na usaha wa kisonono ukikoma ndipo klamidia hujitokeza. Seftriaksoni haimuui klamidia, dawa yake ni doksisiklini, miligramu 100 mara 2 kwa siku, kwa siku 7 kamili.

Yupo na wa tatu, Mycoplasma genitalium, ambaye aligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wanaume wawili wa London waliougua uvimbe wa mrija wa mkojo usiotokana na kisonono. Amoksisilini huua bakteria kwa kuharibu ukuta wa seli yake, na huyu hana ukuta huo, kwa hiyo hata ukimeza boksi zima hutapata nafuu. Kwa klamidia ya mwanaume pia si dawa inayopendekezwa, na gonokoki ameizoea zamani. Inanisikitisha kuona inauzwa hivyo bila kipimo.

Rudi kituoni, ukiwa hujakojoa kwa muda wa saa 1 au 2, ili wapime majimaji yenyewe au mkojo wa mwanzo, si ule wa katikati. Wakiona kwa hadubini chembe nyeupe za damu nyingi bila gonokoki ndani yake, watakutibu klamidia, ingawa yeye mwenyewe haonekani kwa hadubini ya kawaida. Wakimwona tena gonokoki, basi ama amekuwa sugu au umeambukizwa upya, na hili la pili ndilo ninaloliona mara nyingi, kwa kuwa mwenzi hakutibiwa. Mwende pamoja, msikutane kimwili hadi siku 7 zipite tangu nyote mlipoanza dawa na dalili ziwe zimekwisha, na mpimwe pia VVU na kaswende.

Iwapo kokwa moja litavimba au kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa maana bakteria atakuwa amepanda hadi kwenye mrija wa mbegu ulio nyuma yake.