Maswali ya Wasomaji: Hijabu na Sala Wodini

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma. Kila asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, msimamizi wetu hutuongoza katika sala kwa sauti, palepale wodini. Juzi msimamizi huyohuyo alimwagiza mwenzetu avue hijabu awapo kazini, kwa maelezo kwamba serikali haina dini. Mimi si wa dini ya mwenzangu, ila jambo hili limenitatiza. Je, agizo hilo ni halali?

JIBU: Uhalali wake unategemea sheria za nchi yako na kanuni za mavazi za mwajiri, kwa hiyo mwenzako aanze kwa kuomba agizo hilo kwa maandishi. Nchi zisizofungamana na dini zenyewe hazina msimamo mmoja. Ufaransa, iliyotenganisha dini na dola kwa sheria ya mwaka 1905, humkataza mtumishi wa umma kuonyesha imani yake akiwa kazini, na mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa pale hospitali moja ya umma nchini humo ilipokataa kumwongezea mkataba mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyeshikilia kujifunika kichwa. Canada iliwaruhusu polisi wake wa kitaifa kuvaa vilemba vya Makalasinga mwaka 1990, ingawa jimbo lake la Quebec lilipitisha mwaka 2019 sheria inayowazuia polisi na walimu wa shule za umma, miongoni mwa wengine, kuvaa alama za dini.

Usalama ni hoja nyingine kabisa. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ya Ulaya iliikubalia hospitali moja ya Uingereza kumkataza muuguzi mkufu wenye msalaba, kwa kuwa mgonjwa angeweza kuuvuta au ungegusa kidonda. Sababu ya namna hiyo huwabana wote, wenye pete na wenye mikono mirefu pia, na kwa kawaida huwa na ufumbuzi, kama vile kitambaa kifupi kinachofuliwa pamoja na sare.

Kwa maoni yangu, sala ndiyo inayovunja kanuni anayoitaja msimamizi. Hijabu ya muuguzi haimdai mgonjwa chochote. Kukabidhiana zamu, kinyume chake, ni shughuli rasmi, na mgonjwa aliyetundikiwa dripu hawezi kuondoka, wala hana hakika kama kukaa kwake kimya wakati wengine wanaitikia “amina” kutaathiri huduma atakayopewa. Nanyi wauguzi mnasali mbele ya mtu anayejaza fomu zenu za tathmini! (Mgonjwa akiomba mwenyewe kuombewa, au kuitiwa padri au shehe, hilo ni lake.)

Wanaopenda kusali pamoja wakutane katika chumba cha wafanyakazi kabla ya zamu, bila msimamizi kuhesabu waliofika. Kuhusu agizo, mwenzako alipeleke kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, nawe ukiitwa kutoa maelezo, eleza na habari ya sala.