Maswali na Majibu ya Picha: Jicho la Mwenzako Limetua Wapi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaopiga picha kwa mapenzi tu, wenye simu au kamera ya mkono wa pili, na wenye wenzao wa kuoneshana kazi. Wanauliza kuhusu mwanga na mpangilio, lakini ukizisoma vizuri unakuta wengi wamekwama pale pale: hawajui kuambiana ukweli kuhusu picha. Nimeanza na hilo.

Tuna kikundi kidogo, kila Jumapili tunaoneshana picha. Nikionesha yangu naambiwa "kali sana", "hongera". Mwaka unakwisha na sioni nilipopiga hatua. Tatizo ni mimi au ni wao? (Msomaji, Tanga)

Tatizo ni namna unavyowauliza. Ukimwonesha mtu picha ukanyamaza, umemwachia njia mbili tu, kusifu au kuponda, na mtu mwenye adabu atasifu. Mpe kazi ya kufanya. Kabla hajasema lolote, mwambie ulikuwa unatafuta nini: "Nilitaka ionekane mikono ya huyu mama anavyosuka ukili." Kisha muulize jambo moja tu: "Jicho lako limetua wapi kwanza?"

Akijibu kwamba limetua kwenye ndoo ya bluu iliyo nyuma, amekusaidia kuliko sifa za mwezi mzima. Ile ndoo hukuiona ulipokuwa unapiga, kwa sababu akili yako yote ilikuwa kwenye mikono. Sasa unajua kwamba wakati mwingine utaiondoa, au utasogea hatua mbili kushoto ijifiche nyuma ya bega la mama, au utapiga magoti ili nyuma yake pabaki ukuta mtupu.

Pangeni kwenye kikundi kwamba kila maoni yaoneshwe kwa kidole kwenye picha. "Haina mvuto" halimsaidii mtu. "Nguzo ya umeme imeota kichwani mwake" linamsaidia, maana nguzo inaonekana na kila mtu anaweza kuihakikisha. Vilevile msilete picha moja iliyokamilika. Leteni nne au tano za tukio moja, kwa mfululizo zilivyopigwa, na zilizoharibika zikiwemo. Hapo wenzako wataona ulivyosogea, ulivyosita, na pengine watakuambia kwamba ile ya pili uliyotaka kuifuta ndiyo yenye uhai. Halafu Jumapili inayofuata rudini na picha ya kitu kile kile, imepigwa upya kwa kufuata mlichoambiana. Maoni yasiyorudiwa kwa vitendo husahaulika kabla ya Jumatano.

Shikamoo mwalimu. Nilipiga harusi ya binamu yangu. Kanzu za wanaume zimetoka za kijivu, na shangazi aliyevaa buibui ametoka amepauka. Kamera ilikuwa kwenye "auto". Imeharibika? (Msomaji, Unguja)

Marahaba. Kamera yako ni nzima. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hakijui kanzu wala buibui. Kinachojua ni kiasi cha mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na kimetengenezwa kwa kukisia kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu utapata kijivu cha kati, kama kile cha kadi za wapiga picha zinazorudisha asilimia 18 ya mwanga. Fremu ikijaa kanzu nyeupe, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza mpaka weupe unakuwa kijivu. Fremu ikijaa buibui, inadhani kuna giza, inaongeza mpaka weusi unapauka na uso unaungua. Kwa hiyo makosa yako yote mawili yana chanzo kimoja.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya +/−. Mkiwa mbele ya safu ya kanzu, weka +1, hata +1.5. Kwa buibui jeusi lililojaza fremu, weka −1. Kila 1 unayoongeza ni mwanga maradufu, kwa hiyo nenda taratibu. Kwenye simu, gusa uso wa mtu, shikilia kidole mpaka sehemu hiyo ijifunge, kisha telezesha juu au chini.

Baada ya kupiga, vuta picha karibu uangalie kofia. Kwenye kofia ya viua vile vitobo vilivyoshonwa kwa uzi lazima vionekane kimoja kimoja. Vikishakuwa weupe mmoja mtupu, umepitiliza, na hakuna programu itakayovirudisha. Hapo ndipo pa kukosoana kwa haki, kwa sababu hoja ya "mimi naiona sawa" haina nafasi: vitobo vipo au havipo.

Niongeze jambo ambalo naliona kila mara. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ndiyo sababu mojawapo ya watu weusi kutoka vibaya kwenye picha nyingi za rangi za zamani, meno na macho tu yakionekana. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa juani, "auto" itapima ukuta na kumwacha yeye gizani. Kikundi chenu kinapojadili mwanga, kianzie usoni. Na tafadhali, msimsifu mtu kwa kumng'arisha bibi harusi mpaka ndugu zake hawamtambui. Ngozi nyeusi inataka mwanga unaotoka upande mmoja, kama wa dirishani, ili mng'ao wa paji la uso na wa shavu uonekane.

Je, kanuni ya theluthi ni lazima? Kila nikimweka mtu katikati naambiwa nimekosea. (Msomaji, Morogoro)

Si lazima. Kanuni hiyo inakutaka uigawe fremu mara tatu, kwa upana na kwa urefu, na umweke mtu kwenye mojawapo ya mistari hiyo, si katikati. Ni mazoezi mazuri kwa anayeanza, kwa sababu inamlazimisha afikirie mahali pa kumweka mtu badala ya kumpiga tu katikati kwa mazoea. Lakini mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, wenye mbao mbili zilizolingana na vichwa vya misumari ya shaba pande zote, unadai kusimamiwa katikati kabisa. Anayekukosoa asikutajie kanuni. Akuambie picha imepoteza nini mtu alipokaa katikati. Akishindwa kusema, endelea.

Mikutano yetu ya kijiji huwa saa sita mchana. Nyuso zinatoka na mashimo meusi machoni. Wenzangu wananiambia "mwanga mbaya" lakini muda siwezi kuubadilisha. (Msomaji, Dodoma)

Wenzako wamekuambia ugonjwa bila kukupa dawa. Kwenye latitudo yenu jua hufika juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba, na miezi mingine saa sita bado liko juu sana. Kivuli cha nyusi lazima kiangukie machoni. Kuongeza mwanga kwa kitufe kutafungua macho lakini kutaunguza paji la uso.

Basi mhamishe mtu, muda uache. Mlete ukingoni mwa kivuli cha baraza au cha jengo la ofisi ya kijiji, asimame ndani ya kivuli hatua moja tu kutoka kwenye mstari wa jua, uso wake ukitazama nje kwenye mwanga. Ardhi yenye jua mbele yake itaurudisha mwanga usoni kutoka chini, bure. Chini ya mwembe tafuta sehemu yenye majani mazito, kwa sababu penye majani machache mwanga unapenya na kuacha madoa usoni. Kama hakuna kivuli chochote, mwambie mtu mwingine ashike shuka jeupe chini ya kifua cha unayempiga, nje ya fremu.

Na usidhani kazi nzuri inahitaji taa za studio. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipiga watu wengi uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa tandiko la kitanda chake. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Ndiyo maana alimweka kwanza: bega, mkono, kidevu, pindo la nguo. Tazama picha zake uone kama kuna mkono uliosahauliwa. Fanyeni zoezi hilo kwenye kikundi: kila mtu apige picha moja tu ya mtu mmoja, bila ya pili, kisha mjadili mikono.

Ukipata nafasi ya jioni, wahi. Kwetu jua hushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga ule wa dhahabu haukai kama unavyokaa Ulaya. Baada ya jua kuzama una kama dakika ishirini za mwanga laini wa anga, na hizo wengi huzitumia kufunga begi.

Watoto wakicheza mpira jioni wanatoka na ukungu. Nishike kamera vipi? (Msomaji, Mwanza)

Mkono wako hauna kosa. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga, iko taratibu mno. Kwa mtoto anayekimbia anza na 1/500 ya sekunde. Giza likiingia panua tundu la lenzi, kisha pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga, hata 3200. Chengachenga kwenye picha zinavumilika, mtoto asiye na uso havumiliki.

Natumia simu. Wenye kamera kubwa hawaichukulii kazi yangu kwa uzito. (Msomaji, Bujumbura)

Mohamed Amin wa Kenya, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza akiwa mtoto, Tanganyika, na kamera ya Box Brownie, kisanduku ambacho karibu hakina cha kurekebisha. Wapi usimame na lini ubonyeze ni mambo yanayojadiliwa bila kujali chombo. Wakikosoa simu yako badala ya picha, warudishe kwenye picha.

Kwenye kikundi chetu kuna mzee mmoja, mwenye umri wa baba yangu. Alileta picha ya wavuvi wakivuta juya jioni, nikasema "ina giza". Hajarudi tena. Nilikuwa sahihi lakini najisikia vibaya. (Msomaji, Bagamoyo)

Sina hakika kwamba ulikuwa sahihi, maana hukumuuliza. Wavuvi wanaovuta juya jua likizama nyuma yao wanaweza kupigwa makusudi wawe weusi kabisa, yabaki maumbo ya migongo iliyoinama na kamba iliyokaza. Kama ndivyo alivyotaka, giza ndilo lililoibeba picha, na cha kuzungumzia kilikuwa kama maumbo yale yameachana au yamegandamana. Wavuvi wawili wakipishana kwenye picha ya namna hiyo huwa donge moja lenye miguu minne. Kama alitaka nyuso, hapo ndipo mngesema habari ya mwanga.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kumwambia mtu picha yake ina giza: skrini yako. Ukiitazama juani, au umepunguza mwanga wa simu kutunza chaji, kila picha itakuwa na giza. Na picha zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza maelezo ya vivuli, kwa hiyo zitumeni kama dokumenti. Penye ubishi fungueni histogramu, ule mchoro wa kamera wenye umbo la mlima unaoonesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia. Mlima ukiwa umeegemea ukuta wa kushoto, giza lipo kweli, na aliyesema hilo ni kamera.

Kuhusu mzee, nenda kwake. Usimpigie simu, wala usiandike kwenye kundi. Msalimie, kisha mwambie: "Mzee wangu, ile picha ya juya nimekuwa nikiifikiria. Ulipoipiga ulikuwa unatazama nini?" Mwache aeleze mpaka amalize. Kama bado una hoja ya mwanga, itakuja yenyewe kwenye mazungumzo, na yeye ndiye atakayeitaja. Kukosoa mkubwa hapa kwetu kunawezekana kabisa, ila kunaanza kwa swali la kweli, na mbele za watu wachache. Mwombe pia akuoneshe makosa ya picha zako. Aliyekaa pwani miaka mingi anajua mawimbi na mwanga wa saa zile kuliko wewe, na kikundi kinamhitaji.

Nimepiga fundi anayetia kalafati jahazi kule Matondoni. Pembeni kuna mvulana aliyekatika nusu. Mmoja ananiambia nimkate atoke, mwingine anasema ndiye anayeipa picha maana. Nimsikilize nani? (Msomaji, Lamu)

Waulize wote wawili swali moja: picha hii inahusu nini? Naamini wa kwanza atasema inahusu fundi, na wa pili atasema inahusu fundi na anayejifunza kwake. Kumbe hawabishani kuhusu ukingo wa picha, wanaona picha mbili. Wewe uliyekuwepo ndiye unayejua ni ipi uliyoiona.

Kisha jaribu kwa macho. Peleka zote mbili studio ya mtaani, zichapishwe saizi ya 4 kwa 6, uziegemeze mahali unapopita kila siku. Ukimkata mvulana, usiache vidole vyake vinavyoelea kwenye pembe, na usimkate mtu yeyote kwenye kiungo, kifundo cha mkono au goti, maana jicho hulisoma hilo kama jeraha. Ukimbakisha, nusu haitoshi. Lazima aonekane anatazama nini.

Hilo la mwisho huwezi kulitengeneza kwenye programu. Rudi Matondoni saa ile ile, omba ruhusa kwa fundi na kwa wazazi wa mtoto, sogea hatua tatu upande wa mvulana, na umpige akiwa ndani kabisa ya fremu, macho yake yakiwa kwenye nyundo. Halafu waoneshe wale wawili picha ya zamani na mpya kwa pamoja, uwaulize tena.