Bahasha ya tipu na kipimo cha oksijeni: Je, jambo huwa jema likiwafaidisha wengi?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe. Mimi ni kijana wa hapa Moshi, nakaa Pasua. Nilianza mlimani nikiwa mpagazi, au mgumu kama tunavyoitana wenyewe, na sasa ni mwongoza wageni msaidizi. Jioni nasoma kozi ya utalii, na tumefundishwa nadharia tatu za maadili. Moja inasema jambo jema ni lile linaloleta faida kwa watu wengi zaidi. Ya pili inasema wajibu ni wajibu, matokeo yaweje. Ya tatu inaangalia tabia ya mtendaji. Mwalimu alituachia tuchague, nami nina mambo mawili ya kazini yananisumbua.

La kwanza, siku ya kushuka, pale geti la Mweka, mkuu wetu hupokea bahasha ya tipu. Wageni huandika kila mpagazi apate kiasi gani. Yeye hutoa fungu kabla ya kugawa. Anasema hela hiyo inanunua viatu na makoti ya vijana wapya wasio na vifaa, na kweli nimemwona akivinunua kwenye mitumba Kiboriloni. Anasema wagumu hawajui kilichopungua, kwa hiyo hawaumii, na vijana wengi wanapata kazi. Safari iliyopita alinigawia kidogo ninyamaze, nikapokea.

La pili, tukiwa kambi ya Barafu, usiku wa kwenda kileleni, mgeni mmoja kipimo cha oksijeni ya damu kilimsoma asilimia 68. Niliambiwa nimtajie 80 ili asikate tamaa, nikamtajia. Alifika kileleni, akashuka salama, akafurahi mno. Je, nina dhambi ilhali matokeo yalikuwa mazuri? Na dini inakubaliana na nadharia ipi kati ya hizo?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililoyabeba hayo mengine.

Hiyo nadharia ya faida ya wengi ilienezwa na Jeremy Bentham wa Uingereza katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, na John Stuart Mill akaja kuitetea mwaka 1861. Usidhani dini yetu haijui kupima matokeo. Suratul Baqara, aya ya 219, inapozungumzia ulevi na kamari inakiri kwamba vina manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na unaikumbuka habari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Maswahaba walimjia juu, Mtume (s.a.w.) akawazuia, akasema aachwe amalize, kisha akaagiza iletwe ndoo ya maji imwagwe pale. Najisi ilikuwa sehemu moja. Angekatizwa angeitapakaza, naye angeumia na kuichukia dini. Hiyo ni hesabu ya madhara na faida, na aliyeipiga ni mbora wa viumbe. Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, walijenga juu yake mlango mzima wa maslaha, yaani manufaa ya watu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mawili kati ya hayo yamo katika barua yako: mali ya wagumu na nafsi ya mgeni.

Nadharia ya wajibu ni ya Immanuel Kant, Mjerumani. Mwaka 1785 aliandika kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Neno hilo nalipenda. Lakini Kant huyo huyo, mwaka 1797, alishikilia kwamba hata muuaji akikujia mlangoni akiuliza rafiki yako amejificha wapi, haijuzu kumdanganya. Hapo sisi tunaachana naye. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa kwenye madrasa zetu kote Afrika Mashariki, anasema Muislamu akijificha kwa mtu, naye anatafutwa na dhalimu anayetaka kumuua, basi kusema uongo ili kumficha ni wajibu. Nawawi ndiye aliyepatia, kwa sababu dhalimu hana haki ya kupewa habari atakayoulia.

Ya tatu ni ya Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Nabii Isa (a.s.). Alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu mara kwa mara mpaka ukawa tabia yake. Hili halina ugeni kwetu hata kidogo. Katika hadithi ya swahaba Ibn Mas'ud iliyomo kwenye vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) anasema mtu haachi kusema kweli na kuitafuta kweli mpaka aandikwe mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa ni mkweli, na haachi kusema uongo mpaka aandikwe kuwa ni mwongo.

(Kuna mjadala mwingine mkubwa, kama akili peke yake inaweza kujua jema na baya kabla ya sheria kushuka. Makundi ya wanazuoni wa itikadi yalitofautiana hapo: Mu'tazila walikuwa na lao, Ash'ariyya na Maturidiyya wana yao. Ukipenda njoo tuusome, lakini bahasha yako haiusubiri.)

Kwa hiyo dini haikubani uchague moja na kutupa mbili. Inazipanga. Kwanza unaulizwa: hiki ulichokishika ni haki ya nani? Haki ya mtu ikishafika kwa mwenyewe, ndipo inapoanza hesabu ya faida, na hesabu hiyo unaipiga kwa mali yako, kwa muda wako na kwa nguvu zako. Ndani ya hayo una uwanja mpana wa kufaidisha watu wengi kadiri utakavyo. Ila huruhusiwi kufanya wema kwa kutumia haki ya mwingine ambayo hajakupa. Mkuu wako ameanza na hesabu na kuiruka haki, na hapo ndipo alipoharibu.

Turudi kwenye bahasha. Mgeni ameandika kiasi cha kila mpagazi. Kuanzia dakika ile hela ni ya wagumu, na mkuu wenu ameshika amana. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kwamba anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Pengine atasema bahasha alikabidhiwa yeye mkononi. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu anayeitwa Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi akasema, hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi? Mkuu wenu naye ajiulize: angekaa nyumbani, bila wale vijana waliopanda na mahema, majiko na maji vichwani, nani angempa bahasha?

Kuhusu hoja kwamba wagumu hawajui, kwa hiyo hawaumii: mtu huumia kwa kukosa, hata asipojua kwamba amenyimwa. Mpagazi aliyeshuka na hela pungufu atapunguza unga au atachelewesha ada ya mtoto. Mkuu wenu alihesabu viatu alivyonunua kwa sababu vinaonekana. Hakuhesabu kilichopungua kwenye nyumba za watu kwa sababu hakiko mbele yake. Hata kwa kipimo cha hao akina Bentham hesabu yake ina kasoro, maana wao wanataka kila mtu ahesabiwe sawa na mwenzake, na Mill alitenga sura nzima ya mwisho ya kitabu chake kueleza nafasi ya haki. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, iliyomo kwa Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Sikatai kwamba anawaonea huruma vijana wapya. Kupanda na viatu vibovu kwenye baridi ile ni hatari, na anayewavisha anafanya jambo kubwa. Basi alifanye kwa njia iliyo wazi. Kabla ya kupanda awaite wagumu wote, awaambie: tunataka kuchangia viatu vya wenzetu wapya, nani yuko tayari kutoa na kiasi gani? Watatoa. Nawajua watu wa kazi hii, wanagawana hata chai ya mwisho. Mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Hela ile ile, viatu vile vile, lakini sasa ni sadaka badala ya kupunja.

Sasa namba ya mgeni. Mkuu wako atasema uongo wa kumtia mtu moyo unaruhusiwa. Ni kweli hadithi ya swahaba wa kike Ummu Kulthum inataja ruhusa katika kusuluhisha watu, vitani, na baina ya mume na mke. Lakini tazama ruhusa hizo, na ile fatwa ya Nawawi, zinalinda kitu gani: damu na mapatano. Uongo wako ulifanya kinyume, uliiweka damu ya mtu hatarini. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na kila pumzi ya pale ina oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Nyinyi wenyewe mmefundishwa kwamba mwinuko unaweza kumjaza mtu maji kwenye mapafu au kumvimbisha ubongo, na kwamba dawa ya kwanza ni kumshusha. Mtu aliyesoma 68 alipaswa aambiwe 68, aulizwe kama kichwa kinamuuma, kama anatapika, kama anayumba, kipimo kirudiwe vidole vikishapashwa moto, kisha waongozaji muamue kwa uaminifu, naye akiwa anajua. Mwili ni wake, uhai ni amana aliyopewa na Mola wake, na ile namba ilikuwa haki yake.

Wala usijifariji kwamba alishuka salama. Dereva wa boda aliyelewa akamfikisha abiria Majengo bila ajali hajawa dereva mzuri; amesitiriwa tu. Usalama wa mgeni wako ni rehema ya Mwenyezi Mungu, shukuru kwa hilo, lakini kitendo chako kilishakamilika pale kambini kabla matokeo hayajajulikana. Na asikuambie mtu kwamba huyo si Muislamu. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) nyuma azirudishe amana za Makureshi, watu waliokuwa wakipanga kumuua.

Utafanya nini sasa? Toba ya haki za watu ina sharti la ziada juu ya kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia: haki irudi. Ile hela uliyopokea si yako, na wala haikuwa ya mkuu wenu kukupa. Majina ya wagumu wa safari ile yapo kwenye orodha mliyoandikisha getini wakati wa kupanda. Igawe sawasawa, umtumie kila mmoja fungu lake kwa simu. Si lazima ueleze historia yote kama unaona itazua ugomvi mkubwa. Inatosha kusema ni sehemu ya tipu yao iliyochelewa, na hiyo ni kweli. Ambaye ukimtafuta kwa bidii humpati kabisa, toa fungu lake sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku moja umlipe.

Kwa mkuu wako, nenda peke yako, kwa adabu, umwambie hutapokea tena, na umpelekee hilo pendekezo la mchango. Mwombe pia bahasha ifunguliwe getini mbele ya wote na majina yasomwe. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta majimaji, akamwambia mwenye nafaka: kwa nini usiiweke juu watu wakaiona? Mwambie na bahasha iwekwe juu watu waione. Akikataa, mfikishie mwenye kampuni. Najua unaogopa kupoteza kazi, na dini inazingatia hofu ya kweli: baya huondolewa kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, asiyeweza kwa moyo. Lakini anayechukia kwa moyo hapokei mgao.

Limebaki la mgeni, na hili usiliahirishe. Kama kampuni ina barua pepe yake, mwandikie. Usimwombe radhi tu ukaishia hapo; mtajie namba halisi, kambi, na usiku wenyewe. Yeye leo anaamini mwili wake ulisoma 80 pale Barafu. Huenda anapanga mlima mrefu zaidi kwa imani hiyo, na daktari wake akimuuliza habari za Kilimanjaro atampa namba uliyombunia wewe. Mwandikie wiki hii.

Wallahu a'lam.