Majina ya kale ya Kiingereza: yaite kwanza kwa sauti

Dada, unasema mumeo Mwingereza anataka jina la kiume la asili ya kwao, lisiwe Oliver wala George wa kila darasa, na mama yako nyumbani aweze kuliita. Mtihani huo nimeufanya.

Mume wangu ni wa Suffolk. Tulianza na majina ya Wasaksoni, Waingereza wa kale, yaliyokuwepo kabla Wanormandi kutoka Ufaransa hawajaingia mwaka 1066 na akina William na Robert wao. Mengi yameunganishwa kwa maneno mawili: Edmund ni mali na ulinzi, Wilfred ni nia na amani.

Nikampigia mama Muheza, nikaweka spika. Wulfstan lilimshinda: "Ulifu nani?" Oswald likawa Oziwadi. Dunstan halikumsumbua, ila akauliza, "Mwanangu, kichanga mnampaje jina la mzee?" Nikacheka. Huku Uingereza unaambiwa ni jina adimu; kwetu, wamisionari wa Kianglikana wa Magila waliyagawa haya majina, ukiita Alfred kanisani wanageuka wazee watatu. Hata balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London alikuwa Dunstan Omari.

Mume naye akang'ang'ania Cuthbert. Nikagoma. Supamaketi ya Aldi iliwahi kuuza keki yenye umbo la kiwavi na jina hilohilo, na watoto wa shule hawana huruma.

Basi tukabaki na Edmund, mfalme wa East Anglia, ufalme wa kale uliokuwa na Suffolk ndani yake, aliyeuawa na Wavikingi mwaka 869. Mama mkwe kazaliwa Bury St Edmunds, mji wenye jina lake, kwa hiyo upande ule ukaridhika mapema. Mimi nilitaka uhakika wangu: nikasimama mlango wa jikoni, tumbo mbele, nikaliita kwa sauti ya mama aliyekuta maziwa yamemwagwa. Likatoka vizuri! Mama analiita Edimundi, na mtoto anaitika kote.

Kuhusu usajili, England na Wales wanakupa siku 42. Sisi tulikwenda siku ya 40, tunabishana mpaka ndani ya basi. Ukijuta, una miezi 12 ya kubadili jina la kwanza.

Ila jiandae, Waingereza hukata majina. Mwalimu wa chekechea alianza kumwita Ed asubuhi ya kwanza, hata koti hajalivua.